Hesabu ya Mpika Busaa

Kila mwaka unaogawika kwa mbili, Agosti ikikaribia, katika maboma mengi ya Wabukusu wa magharibi mwa Kenya, kuanzia Kanduyi hadi Kiminini, yupo mwanamke mmoja anayeshika siku kuliko mtu mwingine yeyote. Omukhebi, mtahiri mwenye kisu, atafika alfajiri na kuondoka kabla umande haujakauka. Mjomba atakuja na maneno makali, na fahali wake atakuwa ameshachinjwa. Waimbaji watakesha usiku mmoja au miwili. Mama huyu ameanza wiki kadhaa kabla yao wote. Ndiye mpika busaa, pombe ya mahindi na wimbi, na karamu nzima ya tohara, pamoja na zawadi zote zitakazotolewa na kupokewa ndani yake, inategemea hesabu iliyo kichwani mwake. Wageni wengi watakunywa, wataimba, wataaga na kwenda zao bila kujua kwamba kulikuwa na hesabu.

Hesabu yenyewe huanzia mwisho. Alfajiri ya mvulana kusimama ikishapangwa, mpishi huishika hiyo kisha hurudi nyuma. Jioni inayotangulia, pombe iwe imeiva. Kabla ya jioni hiyo, siku tatu au nne za kuchacha. Kabla ya hizo, siku ya kukaanga, na kabla yake siku za unga kulala ukachachuka. Nyuma kabisa kuna wimbi. Akiwahisha kwa siku moja, wazee watapewa siki. Akichelewa kwa siku moja, watapewa uji mtamu usiochangamsha mtu. Alfajiri haimngoji mpishi, kwa sababu jamaa wameshaalikwa, wengine watoka Mbale, wengine Nairobi.

Wimbi huchaguliwa kwa jicho na kwa jino. Punje iliyokaa ghalani misimu mingi haioti vizuri, na punje isiyoota haifai kitu kwa busaa hata ikisagwa laini namna gani. Mpishi hutia chache mdomoni, akazivunja, akasikiliza. Akiridhika hupepeta, huosha, huloweka usiku kucha, kisha huutandaza wimbi juu ya majani ya mgomba na kuufunika kwa majani mengine au gunia lililoloweshwa. Kwa siku mbili tatu kazi yake ni kunyunyiza maji kidogo na kuingiza mkono chini ya majani. Wimbi unaoota hujitia joto wenyewe. Ukirundikwa mnene utaungua na kuvunda, ukitandazwa mwembamba mno utakauka kabla haujafanya kazi yake. Ule mkono chini ya majani ndio kipimo, na nimewahi kuuona ukitoka pale mara moja, mwenye mkono akautandaza upya wimbi wote bila kusema neno.

Vimizizi vyeupe vikichomoza na kushikana, wimbi huanikwa. Ndani ya punje iliyoanza kuota mmea umekwisha kutengeneza vimeng'enya vya kugeuza wanga wake kuwa sukari, chakula cha chipukizi. Jua husimamisha kuota bila kuviua. Mpishi hana haja ya kuviita vimeng'enya, lakini anajua vizuri kuwa kimea kilichokaushwa juu ya moto mkali ni unga mtupu, na kile kilichokauka taratibu juani ndicho chenye nguvu. Huo ni ujuzi uliopimwa kwa vyungu vilivyoharibika, vya mama zake na vya bibi zake, na kwangu una uzito sawa na ule wa maabara.

Taabu ni kwamba Agosti ya Kitale haina jua la kutegemewa. Mvua za Trans Nzoia zinazoanza Machi au Aprili huwa bado ziko kazini, na katika mchana mmoja wimbi unaweza kuanikwa na kuanuliwa mara nne. Isitoshe, Kitale iko kama mita 1,900 juu ya bahari, nayo Bungoma mjini iko karibu na mita 1,400. Tofauti hiyo haionekani kwa abiria wa matatu anayesinzia kati ya Webuye na Kiminini, lakini pombe huiona. Hamira na bakteria zinazoichachua hupenda joto. Usiku wa baridi chini ya Mlima Elgon huzichelewesha.

Wanawake wengi wa Kibukusu wanaopika Trans Nzoia walilelewa Bungoma, au mama zao walilelewa huko. Ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa ya walowezi wa Kizungu. Wabukusu wengi waliingia kama vibarua wa mashamba ya mahindi na ng'ombe, na baada ya Uhuru wa 1963 wakanunua vipande katika mipango ya makazi. Waliohama walibeba mitungi, mirija na nyimbo. Hesabu ya siku haikubebeka ilivyo. Aliyezoea siku tatu za kuchacha kule Bumula alilazimika kujifunza siku nne Kiminini, na mvua ikishinda, tano. Alilazimika kujua kona gani ya jiko hubaki na joto usiku, na magunia mangapi yazungushiwe pipa. Hakuna kitabu kilichoandika mabadiliko hayo. Yalipitia mikononi, kutoka kwa mama mkwe hadi kwa mke wa mwana, na ninapofikiria historia ya kuhamia Kitale hukumbuka hili kabla ya kukumbuka hati za mashamba.

Mahindi nayo yana utaratibu wake. Unga wa busaa husagwa wa chenga, hukandwa kwa maji uwe mzito, ukashindiliwa ndani ya pipa au ndoo na kufunikwa vizuri kwa siku mbili tatu. Hapo unachachuka. Ukifunuliwa hutoa harufu kali ya ugali uliolala, na ukali huo ndio ulinzi wa kwanza, maana asidi iliyojitengeneza humo huzuia vijidudu vibaya kustawi. Kisha huja kazi ya kukaanga, na hii ndiyo sehemu ya ufundi ninayoweza kuitazama kutwa nzima.

Bati kubwa, mara nyingi pipa lililopasuliwa na kunyooshwa, huwekwa juu ya mawe. Kuni ni za moto wa kudumu, wala si za moto wa kuruka. Unga uliochachuka humwagwa mbichi na mzito, ukafuka mvuke, na wanawake wawili au watatu huanza kuugeuza kwa mti mrefu au jembe kuukuu lililosafishwa. Mwanzoni unashikana na bati na lazima ukwanguliwe. Baada ya muda unaanza kuvunjika, madonge yanakuwa chenga, chenga zinaanza kulia zikigongana. Rangi hutoka kwenye weupe wa udongo ikaingia kahawia. Moshi unaumiza macho, na anayegeuza hawezi kusimama upande mmoja kwa muda mrefu. Msimamizi hagusi mti. Hukaa kando, huchota kiganja cha chenga, hukibana, huachia, hunusa. Anatafuta chenga iliyoiva mpaka ndani bila kuungua nje, kwa sababu moto huu unapika wanga ili kimea kiweze kuushika baadaye, na pia ndio unaotia busaa rangi na ladha yake ya kukaangwa. Chenga mbichi zitatoa pombe nyepesi yenye harufu ya unga. Zilizoungua zitaifanya chungu, na uchungu huo hauondoki kwa dawa yoyote. Neno lake moja huongeza kuni, jingine huziondoa. Nimemwona akinyamazisha mazungumzo ya jiko zima ili asikie chenga.

Zikishaanikwa na kukauka, chenga hizo zinaweza kuwekwa. Kimea kilichosagwa pia kinaweza kuwekwa. Mpishi hodari hutumia nafasi hiyo. Mapema, jua linapoonekana, hukamilisha kila kinachoweza kungoja, ili siku za mwisho zibaki na kile tu kisichoweza kungoja. Chenga, kimea na maji vikishakutana, hakuna tena kusimamisha kitu. Pombe imeanza safari yake na itafika siku yake.

Na hapo ndipo mvulana anapoitwa. Siku chache kabla ya tohara yeye mwenyewe huteka maji na kuyamwaga ndani ya mtungi wa pombe itakayonywewa kwa ajili yake, tendo ambalo Wabukusu huliita khuchukhila. Kwa muda wote huo amekuwa akizunguka na kualika, na bado angeweza kusema hayuko tayari. Tangu maji yanapoingia mtunguni, kurudi nyuma ni aibu ya ukoo. Sijui ni nani wa kale aliyeona kwamba dakika ambayo pombe haiwezi tena kusimamishwa ndiyo inayofaa kuwa dakika ya kijana pia. Huyo, mwanamume au mwanamke, alijua kupika.

Kualika kwenyewe ni kazi ya miguu. Mvulana hufunga chinyimba, zile njuga za chuma, akazigonga juu ya bangili za mikononi, na kundi la waimbaji likamfuata boma hadi boma. Huenda kwa senge, dada ya baba, huenda kwa babu na kukhu, yaani bibi, huenda kwa ndugu walioolewa mbali. Siku hizi sehemu ya safari ni ya matatu, kwa kuwa jamaa wa Chwele ana kaka Kitale na shangazi ng'ambo ya mpaka kule kwa Wamasaba wa Uganda, ndugu wa damu na wa tohara hiyohiyo. Kila anapofika hupewa kitu: kuku, mbuzi, noti, au ahadi inayosemwa mbele ya mashahidi ili isipotee. Katika familia nyingi kuna daftari, na kilichoandikwa humo kitarudishwa mtoto wa mtoaji atakapopiga njuga zake.

Zawadi nzito kuliko zote ni ya khocha, mjomba wa upande wa mama. Siku moja kabla ya tohara mvulana hufika kwake. Mjomba humpokea kwa ukali, humuuliza kama ana moyo, humkumbusha kuwa ukoo wa mama yake haujawahi kutoa mwoga. Kisha fahali huchinjwa, na nyama ya kidari huvishwa mvulana shingoni, naye hutembea nayo hadi kwao watu wakiimba. Fahali huyo ana historia. Mama wa mvulana alipoolewa, ng'ombe wa mahari walikwenda kwa ndugu zake, na binti wa boma hili atakapoolewa mjomba huyohuyo atakuwa na fungu lake katika mahari. Kwa hiyo ng'ombe huvuka kati ya koo mbili kwa vizazi, wakienda na kurudi, na kidari kile shingoni mwa mtoto ni tangazo kwamba njia bado iko wazi. Pale ambapo mahari haikukamilika, siku hiyo ndiyo mjomba huyasema yaliyonyamaziwa miaka kumi na mitano.

Lakini tazama tofauti ya zawadi hizi na busaa. Fahali asingechinjwa angeweza kupelekwa sokoni Chwele. Mahindi yangeweza kuuzwa kwa maghala ya halmashauri ya nafaka mjini Kitale, au kufungiwa yakingoja bei ipande. Noti huwekwa mfukoni. Busaa iliyochanganywa haiuziki mwezi ujao wala haikopesheki. Siku moja au mbili baada ya kuiva imeshakuwa siki. Na kumbuka ni Agosti: mahindi ya Trans Nzoia bado yamesimama shambani, mengi hayatavunwa hadi Oktoba au Novemba, na yaliyo ghalani ni ya mwaka jana, yale ambayo familia imejinyima kuyala ili yafike mwezi huu. Mpishi huyachukua mabaki hayo ya thamani akayageuza kuwa kitu ambacho lazima kinywewe, na watu wengi, kwa siku moja. Ndiyo maana namheshimu kuliko mwenye fahali. Anafanya mali iwe haiwezekani kufichwa.

Watu wengine wa dunia wamelifikia wazo hili kwa njia yao. Kwenye pwani ya magharibi ya Kanada, Kwakwaka'wakw na majirani zao hufanya potlachi, karamu ambayo mwenyeji hupata heshima kwa wingi wa anachogawa. Kati ya vitu vilivyogawiwa vyenye thamani kubwa yalikuwa mafuta ya samaki mdogo wa majira ya kuchipua: samaki huachwa mashimoni kwa siku nyingi waive, kisha hupikwa kwa maji ya moto polepole hadi mafuta yaelee na kuenguliwa. Huko pia yupo mtu anayejua siku, na siku hizo hutofautiana kwa baridi. Serikali ya Kanada iliiona karamu hiyo kuwa uharibifu wa mali na kuipiga marufuku kuanzia 1885. Wakati wa Krismasi ya 1921 Dan Cranmer aliifanya kwa siri katika Village Island. Watu wakakamatwa, vinyago na shaba zao vikachukuliwa. Marufuku iliondolewa 1951, na vilivyorudishwa vinaonekana leo katika kituo cha U'mista kule Alert Bay, kilichofunguliwa 1980.

Tohara ya Wabukusu haikupigwa marufuku namna hiyo, lakini mtungi wake uliandamwa. Tangu enzi za mkoloni chifu alikuwa na mamlaka juu ya pombe ya kienyeji, na mwenye sherehe alilazimika kwenda kwake kuomba kibali. Mwaka 1980 Kenya ilitunga sheria ya kuharamisha chang'aa, iliyokaa miaka 30 hadi sheria ya vileo ya 2010 ilipoiondoa. Chang'aa ni pombe ya kukenekwa, na imeua watu pale ilipotiwa sumu. Busaa ni kitu kingine kabisa, nzito kama uji, kileo chake kidogo, na imejaa nafaka. Askari aliyemwaga mapipa jikoni mara nyingi hakujali tofauti hiyo. Kwa mpishi ilimaanisha kuongeza jambo jingine katika hesabu: siku ya kuchanganya isigongane na siku ya msako. Kwamba ufundi ulipita katikati ya miaka hiyo bila kupoteza hatua hata moja ni jambo linalostahili kuandikwa.

Jioni ya mkesha, mpishi hufunua na kuonja. Halafu huanza kazi ambayo nadhani ni ngumu kuliko kukaanga, yaani kugawa. Sehemu ya pombe huchujwa kwa kitambaa, ikakamuliwa na kujazwa vikombe na mikebe kwa ajili ya umati unaocheza uani. Machicha hutengwa kwa nguruwe na kuku. Sehemu nyingine haichujwi. Hutiwa katika mtungi wa wazee pamoja na maji ya moto, na wazee hukaa kuuzunguka, kila mmoja na lusekhe wake, mrija mrefu wenye kichujio kidogo kilichosukwa nchani. Mihuri ya Mesopotamia ya maelfu ya miaka iliyopita inaonyesha watu wakinywa vivyo hivyo, wameketi, mirija yao ikikutana katika chombo kimoja. Wa Bungoma bado wanakutana. Mtu mmoja hupewa birika la maji ya moto na agizo la kutazama kina. Akitia mengi pombe inakuwa hafifu, akitia machache mirija inakwama.

Na mtungi si mmoja. Wakwe hawaketi na vijana. Wajomba wana wao, kwa kuwa wameleta fahali. Bakoki wa baba, yaani waliotahiriwa pamoja naye na kwa hiyo wako naye katika mojawapo ya yale marika manane yanayozunguka tangu Kolongolo hadi Sawa, wana wao, na hawa wana haki ya kulalamika hadharani wakiona umepungua. Wanawake walioteka maji na kupasua kuni wana wao, nao mpishi huwatengea kabla ya kumtengea yeyote mwenye cheo. Anajua nani alitoa mbuzi na nani alitoa ahadi. Anajua pia yule mjane aliyeleta debe moja la wimbi usiku bila kuandikwa, na mtungi utamfikia. Haya yote huyafanya huku waimbaji wakipita mbele yake na mvulana akicheza. Alfajiri kijana huyo ataenda mtoni, atapakwa matope ya sitosi, atarudi kwa njia nyingine na kusimama bila kupepesa.

Yako maboma ambayo hayapiki tena. Waquaker waliofika Kaimosi mwaka 1902 na kuenea hadi Lugulu walikataa pombe, na makanisa mengi yaliyofuata yalikataa pia. Huko wageni hupewa chai ya maziwa kwenye sufuria kubwa, mikate, wali na soda, na mvulana pengine hupelekwa hospitali. Sioni sababu ya kuwadharau. Aliyewahi kupika chai ya watu mia tatu asiiache iungue moshi anajua kwamba nako kuna mikono. Ninachosikitikia ni pale soda inaponunuliwa kwa kreti na kushushwa mlangoni, karamu ikawa haimhitaji mtu yeyote anayejua kitu.

Mwaka hauishii Agosti. Waliopona hukaa chini ya mafunzo hadi Desemba, ndipo huja khukhwalukha, kutoka kwao rasmi, na nguo mpya, na kuzunguka tena kwa jamaa kupokea zawadi. Busaa hupikwa upya. Sasa mvua zimekwisha, jua la Kitale ni kali, kimea hukauka kwa siku moja na nusu na pombe huiva mapema. Mahindi yametoka shambani, na kila mtu anataka yatumike hayo mapya. Mpishi hutia punje mdomoni, huiuma, na huagiza yaanikwe wiki nyingine kabla ya kupelekwa kusagwa.